Meno ya Kipakatalishi

Kipakatalishi kiliwasili Isiolo jioni ya Jumamosi moja ya Agosti 2024, kimeviringishwa ndani ya blanketi na kusukumwa chini ya kiti cha basi lililotoka Eastleigh, Nairobi. Siku iyo hiyo, kabla ya jua kupanda, basi jingine la njia hiyo lilikuwa limeteremka kusini na madumu ya maziwa ya ngamia, na mawili kati ya madumu hayo yalikuwa ya mama mzazi wa binti aliyekuwa akikisubiri kipakatalishi hicho. Ndivyo ulivyo mji ule. Maziwa hushuka, bidhaa hupanda, na barabara kuu iendayo Moyale hupita katikati ikiwa na vumbi lake, malori yake na madalali wake.

Fedha zilizokinunua zilikuwa na historia yake. Ukame wa kati ya 2020 na 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilikosa kwa kufuatana, ulikuwa umelipunguza zizi la familia hadi mbuzi 11 na ngamia 3. Mbuzi 4 walipelekwa mnadani, mama akaongeza fungu lake la chama cha akina mama, jumla ikawa shilingi 32,000. Amana hiyo alikabidhiwa mjomba, ndugu wa mama, ambaye alikuwa na safari zake za Nairobi. Mjomba alirudi na mashine, stakabadhi ya duka na chenji ya shilingi 200. Juu ya kifuniko cha mashine palibandikwa karatasi nyeupe iliyoandikwa kwa wino wa buluu: i5, Gen 8, 8GB, 500GB. Nyumba nzima iliitazama karatasi ile kama hirizi. Hakuna aliyejua maana yake yote, ila ilionekana kuwa na nguvu.

Binti huyo alikuwa mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa nne, na tasnifu yake ilihusu lugha ya mnada wa mifugo wa Isiolo: namna Mborana, Msomali, Mturkana, Msamburu na Mmeru wanavyokutana mbele ya mbuzi mmoja na kuelewana kwa Kiswahili ambacho hakimo katika kitabu chochote cha sarufi. Alikuwa na rekodi 43 alizozinasa kwa simu. Zilimpasa kuzisikiliza, kuzinukuu neno kwa neno na kuziwasilisha kwa msimamizi kabla ya mwisho wa Oktoba. Bila mashine asingemaliza. Na asingemaliza, mwaka mzima ungepotea pamoja na wale mbuzi.

Jina kipakatalishi lilimpendeza tangu alipolisikia kidato cha pili. Kupakata ni kumweka mtoto mapajani, na alimpakata mtoto wake huyo mpya kwa mapenzi ya kweli kwa muda wa siku tatu. Siku ya nne mapenzi yalianza kupoa. Kila alipofungua faili ya sauti pamoja na ukurasa wa kuandikia, mashine ilisimama kama punda aliyegoma. Akifungua na intaneti juu yake, ilizizima kabisa. Betri nayo, ambayo mjomba aliambiwa ingedumu saa tano, ilizimika kabla ya saa moja na nusu kutimia. Binti alisubiri. Alijiambia kuwa mgeni hupewa muda wa kuzoea.

Aliyelikata shauri ni babu. Mzee huyu alikuwa amefuga ngamia maisha yake yote, na sasa, macho yakiwa na ukungu, alishinda juu ya mkeka chini ya mgunga akisikiliza redio.

"Mashine yako inaumwa, mjukuu wangu?" aliuliza.

"Haiumwi, babu. Ni nzito tu. Aliyeiuza alisema bado changa."

"Alisema. Na wewe umeifungua kinywa?"

Binti alicheka, lakini mzee hakuwa akitania. Aliendelea kusema kwamba yeye hakuwahi hata siku moja kumuuliza mwenye ngamia umri wa ngamia. Alimuuliza ngamia mwenyewe. Meno ya kudumu ya mbele huanza kuota ngamia akikaribia miaka 5, na hutimia akiwa na miaka 7 hivi. Baada ya hapo huanza kulika, na mwenye kuzoea huusoma ulaji huo kama mtu asomavyo saa. Muuzaji anaweza kumnywesha ngamia maji mengi ili tumbo lijae, anaweza kumpaka mafuta ili manyoya yang'ae, lakini meno yanabaki pale pale. Katika Kiswahili cha leo asiyekagua huambiwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Familia ile ilikuwa imetoa mbuzi wanne hadharani, wakakaguliwa mmoja mmoja, midomo, kwato na macho, kisha ikapokea kwa badala yake kitu kilichofungwa ndani ya blanketi.

Usiku huo binti alimpigia simu rafiki yake wa chuoni aliyesomea hisabati na taaluma ya kompyuta. Rafiki alimwambia kwamba mashine nayo ina kinywa, tena hufunguka bila bisibisi na bila kununua programu yoyote. Abonyeze kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi R, aandike cmd, na dirisha jeusi lisilo na pambo lolote litajitokeza. Humo aandike neno moja: systeminfo. Amri hiyo imekuwamo ndani ya Windows tangu zama za XP, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na watumiaji wengi wa kompyuta huzeeka bila kuijua.

Aliandika. Mashine ilifikiri kwa sekunde kadhaa, kisha ikaanza kujieleza mstari baada ya mstari: jina lake, kampuni iliyoiunda, modeli yake, tarehe mfumo wake ulipowekwa, tarehe ya programu inayoiamsha kabla ya Windows kuamka, kiasi cha kumbukumbu iliyonayo na kiasi kilichobaki wazi. Kwenye mstari wa prosesa haikutaja i5 wala kizazi. Iliandika Family 6 Model 78 Stepping 3, yaani familia ya 6, modeli ya 78, hatua ya 3.

Binti aliutazama mstari ule kwa muda mrefu. Familia, ukoo, tumbo. Alikuwa amewahi kuulizwa maswali ya namna hiyo. Mwaka aliotimiza umri wa kupata kitambulisho alikalishwa mbele ya kamati ya wazee na maafisa, akaulizwa jina la baba, la babu, la baba wa babu na la ukoo, ilhali wenzake aliokuja kukutana nao chuoni kutoka sehemu nyingine za Kenya walijaza fomu wakaenda zao. Isiolo imezoea kuulizwa. Enzi za ukoloni ndiyo iliyokuwa lango la Jimbo la Mpaka wa Kaskazini, na mtu hakulipita lango hilo bila kibali. Ule ukaguzi wa ziada wa vitambulisho Rais wa Kenya alitangaza kuufuta Februari 2025. Lakini usiku ule wa 2024 ulikuwa bado upo, na kwa mara ya kwanza binti huyu ndiye aliyekuwa upande wa muulizaji.

Rafiki alikuwa amemwonya kwamba systeminfo husema nasaba bila kutaja jina la sokoni. Kwa jina hilo kuna amri nyingine, msinfo32, ambayo huandikwa katika kile kisanduku kidogo cha R na kufungua dirisha lenye orodha ndefu zaidi. Humo alikuta jina kamili: Intel Core i5-6300U, mwendo wa gigahezi 2.40, viini 2. Hapa ndipo elimu ndogo ilipomfaa. Katika namba za prosesa za Intel za miaka ile, tarakimu zinazotangulia zile tatu za mwisho ndizo zinazotaja kizazi. Katika 6300 tarakimu hiyo ni 6. Kama ingekuwa ya kizazi cha 8, namba ingeanza na 8, mathalani 8250 au 8350, na viini vingekuwa 4. Ile familia ya 6, modeli ya 78 iliafikiana na jina hilo: ni prosesa zilizotolewa mwaka 2015. Mashine iliyouzwa kama changa ilikuwa imezaliwa miaka tisa kabla ya kufika Isiolo.

Tofauti hiyo si ya majivuno tu. Windows 11 hukubali rasmi prosesa za Intel kuanzia takriban kizazi cha 8, na Windows 10, ambayo mashine ile ilikuwa nayo, ilikoma kupata huduma za kawaida za usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Aliyenunua kizazi cha 6 kwa bei ya kizazi cha 8 alikuwa amenunua pia siku chache za kuishi.

Mstari wa kumbukumbu ulikuwa mchungu zaidi kwa sababu ulikuwa wazi zaidi. Ulisema megabaiti 3,979. Gigabaiti 8 ni megabaiti 8,192. Gigabaiti 4 ni 4,096. Kwa kuwa sehemu ndogo hutengwa kwa kazi za ndani za mashine yenyewe, 3,979 ni gigabaiti 4, wala haiwezi kuwa 8 kwa hesabu yoyote ya halali. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya mashine kuzizima. Kumbukumbu ya aina hii ni mkeka wa kufanyia kazi, si ghala. Faili za sauti, ukurasa na intaneti vikitandazwa pamoja juu ya mkeka mdogo, kimoja hakina budi kuanguka.

Kufikia hapo hasira ilikuwa imempanda, na mtu mwenye hasira huona wizi hata pasipo na wizi. Alikagua diski. Karatasi ilisema 500, mashine ikasema 465. Binti aliandika kwa herufi kubwa katika daftari lake: WAMEIBA 35. Alikaa na hukumu hiyo usiku kucha. Asubuhi rafiki alimcheka katika simu na kumweleza kwamba kiwanda cha diski huhesabu gigabaiti kwa maelfu, baiti bilioni moja kamili, ilhali Windows huhesabu kwa vizidishio vya 1,024, hivyo kila gigabaiti yake ni kubwa kidogo. Baiti bilioni 500 ukizigawanya kwa 1,073,741,824 unapata 465 na ushei. Hakuna kilichoibwa, ni vibaba viwili tofauti vinavyoitwa kwa jina moja. Soko la Isiolo linaijua fitina hii tangu zamani, kwani kasuku ya mahindi ya muuzaji mmoja si lazima iwe sawa na ya jirani yake. Binti alilifuta lile neno. Alilifuta kwa aibu, kwa kuwa alikuwa karibu kumwita mtu mwizi kwa jambo pekee ambalo mtu huyo alilisema kweli.

Ilibaki betri. Amri yake ni powercfg /batteryreport, nayo haitoi jibu katika dirisha jeusi bali hutengeneza faili inayofunguka kama ukurasa wa intaneti. Ukurasa huo hutaja uwezo ambao betri iliundwa nao na uwezo iliobaki nao ikijazwa sasa. Iliundwa na miliwati-saa 47,520; iliyobaki ilikuwa 15,300. Chini ya theluthi moja. Kwa mwanafunzi akaaye katika bweni lenye umeme hilo ni kero. Kwa mtu ambaye wikendi hufuata mifugo hadi mahali ambapo umeme ni wa paneli ya jua tu, ni nusu ya mashine kutokuwapo. Hata hivyo karatasi haikutaja betri, na mzee alisema kwa haki kwamba mguu ambao hukuuangalia na muuzaji hakuutaja, huo ni wako.

Sasa ndipo jambo lilipokuwa zito, maana lilitoka katika mashine likaingia katika nyumba. Mama alipoelezwa, alinyamaza kwanza. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, akiwa anasuuza madumu, "Na mjomba wako alilipa ngapi hasa?" Swali hilo, likishatamkwa, halirudi kinywani. Mjomba alikuwa na madeni. Kila mtu alijua. Je, hakununua mashine ya bei nafuu na kuibandika karatasi mwenyewe? Au hakununua nzuri, akaibadilisha njiani? Katika ukoo mdogo, shaka ya namna hiyo huweza kufunga mlango kwa miaka. Babu alipoulizwa alisema jambo ambalo halikumsaidia mtu: meno humwambia mtu umri wa ngamia, hayamwambii nani aliyedanganya.

Lakini baada ya kimya kirefu akaongeza, "Chapa je?"

Ngamia wa kaskazini huchomwa chapa ya ukoo. Ngamia aliyepotea, aliyeibwa au aliyeuzwa mara tatu bado hubeba shingoni au pajani alama ya nyumba aliyotoka, na mzozo mwingi umekatwa kwa kuusogeza mkono juu ya ngozi tu. Binti alimtazama babu yake, akainuka, akaenda kuitafuta stakabadhi.

Stakabadhi iliandikwa kwa mkono: kipakatalishi kimoja, shilingi 31,800, na chini yake mfululizo wa herufi na tarakimu, namba ya pekee ya mashine ambayo duka huiandika kwa ajili ya dhamana. Alifungua tena dirisha jeusi akaandika wmic bios get serialnumber. Mashine ilitoa namba yake kutoka ndani, si ile iliyochapwa kwenye kibandiko cha chini ambacho kingeweza kubanduliwa. Alizilinganisha herufi kwa herufi, akarudia mara mbili kwa sauti, mama akimfuatia kwa kidole juu ya stakabadhi ingawa hakujua kusoma herufi hizo. Zilikuwa sawa. Anayejaribu leo katika Windows mpya huenda asiikute amri hiyo, kwa sababu matoleo ya Windows 11 tangu 2024 hayaji nayo tena. Katika PowerShell ataandika Get-CimInstance Win32_BIOS na kupata jibu lile lile. Naye mwenye Linux, kama zilivyo baadhi ya mashine za maabara, ana lscpu ya prosesa, free ya kumbukumbu na lsblk ya diski.

Namba kuwa sawa kulithibitisha kwamba iliyofika ndiyo iliyouzwa, kwa bei iliyotajwa. Chenji ya shilingi 200 ilikuwa kamili. Prosesa ya aina ile imelehemiwa juu ya bodi mama, haichomolewi kwa bisibisi, kwa hiyo ilikuwa ya kizazi cha 6 siku ilipokaa rafuni dukani. Kumbukumbu ingeweza kuchomolewa njiani, ni kweli. Lakini mjomba hakuwa na bisibisi wala ujuzi, na aliposimuliwa kisa alikumbuka jambo ambalo hakuliona kuwa na maana: karatasi nyeupe ilikuwa tayari juu ya kifuniko alipokabidhiwa, na mashine nyingine tatu pembeni zilikuwa na karatasi iyo hiyo, mwandiko ule ule. Mama hakuomba radhi kwa maneno. Alimmiminia kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia na kumwekea sukari yeye mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya tangu arusi.

Mjomba aliazimia kurudi dukani safari yake ifuatayo. Alitaka kwenda na maneno ya mashine mkononi. Binti aliandika systeminfo > ripoti.txt, na alama ile ya mshale ikayaelekeza maelezo yote katika faili badala ya skrini. Akachapisha karatasi mbili kwenye duka la huduma za uchapishaji karibu na stendi. Mjomba aliishika karatasi, akaigeuza, akairudisha. Ilikuwa Kiingereza kitupu. "Nikisomewa hii na mwenye duka," alisema, "atanisomea anachotaka."

Basi ikambidi mwanafunzi wa Kiswahili aifanye kazi yake. Aliketi chini ya mgunga kuiandika upya karatasi ile, na jioni nzima ikaenda. Wahadhiri wake walikuwa wamewahi kubishana darasani kuhusu kompyuta na tarakilishi. Wa kwanza aliona hakuna dhambi katika kukopa, wa pili alilipenda lile neno la kuundwa kutokana na tarakimu na akili, na kuna mzee mmoja aliyeitetea ngamizi hata baada ya wanafunzi kusikia ndani yake maangamizi. Ni mjadala mzuri, na si wa bure. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili kuanzia menyu hadi ujumbe wa makosa. Microsoft nayo ikafuata kwa kuitafsiri Windows. Waliofanya kazi zile walilazimika kuamua maneno mamia kwa mamia. Ila madirisha yalipotafsiriwa, ile ngozi ya chini, dirisha jeusi na amri zake, ilibaki ilivyokuwa. Mtu hufunguliwa sebule kwa Kiswahili, kisha jikoni akakuta kila chungu kimeandikwa kwa lugha nyingine.

Aliandika kwanza: kichakataji, kizazi cha 6. Mjomba akauliza, "Kinachakata nini?" Akafuta, akaandika prosesa, mjomba akatikisa kichwa kwa kukubali, kwa sababu hilo alilisikia dukani kwa masikio yake. Aliandika: kumbukumbu, gigabaiti 4. Mjomba akasema kumbukumbu ni za marehemu. Wakakubaliana juu ya ramu, na kando yake binti akaongeza, kwa ajili ya msomaji yeyote, kumbukumbu ya kufanyia kazi. Diski haikuleta ubishi. Namba ya mashine mjomba aliiita chapa, na ikaandikwa chapa, ingawa msimamizi wa tasnifu asingeipitisha. Mstari wa mwisho binti aliuandika bila kushauriana na mtu: Diski ni gigabaiti 500 kama mlivyosema. Hapo hatuna malalamiko.

Yaliyotokea dukani mjomba aliyasimulia kwa kifupi. Mwenye duka alicheka, kisha akaisoma karatasi, kisha akaacha kucheka. Alisema vibandiko huandikwa na kijana wa kazi. Kuhusu prosesa alishikilia kwamba stakabadhi haitaji kizazi, na kwa hilo alikuwa sahihi, kwa bahati mbaya. Alirudisha shilingi 3,000 na kutoa kipande cha ramu cha gigabaiti 4. Mjomba anaamini kuwa ni ule mstari wa mwisho uliomlegeza, kwa sababu aliusoma mara mbili. Huenda. Huenda pia ni kwa sababu dukani palikuwa na wateja wengine wawili waliokuwa wakisikiliza, na karatasi ilikuwa ya Kiswahili.

Fundi wa simu wa karibu na soko alikifungua kipakatalishi kwa bisibisi yake ndogo, akalipuliza vumbi lililokuwamo ndani, akakichomeka kipande kipya kando ya kile cha zamani hadi kikalia. Hakutoza kitu; alitaka kuandikiwa zile amri, na akaandikiwa nyuma ya kadi ya simu. Walirudi nyumbani jua likizama, upepo wa jioni ukiwa umeanza kuchukua vumbi la barabarani. Mjomba aliketi kwenye mkeka karibu na babu. Binti alikipakata kipakatalishi, akafungua dirisha jeusi, akaandika neno lile moja, na wote wanne wakasubiri zile sekunde kadhaa.

"Imesema nini?" aliuliza mjomba.

"Imesema 8,075."

"Hiyo ni nane?"

"Ni nane, mjomba."

Babu aliuliza kama wamelitazama wao wenyewe au wameambiwa na fundi. Kisha akapunguza sauti ya redio, kwa kuwa mjukuu alikuwa tayari ameweka rekodi ya kwanza, na sauti ya dalali wa mnadani ilianza kusikika ikimsifu mbuzi.